Kofia ya Mtoto na Picha ya Ubongo

Mama mmoja wa Busia, upande wa Kenya, ana mazoea ya kumfumia kofia ya sufi kila mtoto anayemzaa. Kofia ya kwanza huianza tumbo likiwa la miezi saba, ya pili huifuma mtoto atimizapo miezi mitatu, na ya tatu haina haraka, kwa kuwa joto la Busia halimlazimishi mtoto kuvaa kofia mchana kutwa. Kwa watoto wake wawili wa kwanza, kofia ya pili ilitosha hadi mtoto akaanza kukaa. Mtoto wa tatu, wa kiume, aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka 2023, aliivaa kwa majuma matatu tu. Juma la nne ilimwachia alama nyekundu kwenye paji la uso, na mama alipoivuta ipite masikioni mtoto alitoa kilio chembamba ambacho mama hakukizoea.

Alidhani sufi imenywea kwa kufuliwa. Akaifumua, akaifuma upya kwa kuongeza vitanzi kumi. Baada ya siku kumi na mbili, nayo ikabana.

Majirani hawakukosa la kusema. Wapo waliomfariji kwamba kichwa kikubwa ni dalili ya akili nyingi, na kwamba huyu atakuwa wakili. Wapo pia waliongoja apite na ndoo yake ndipo wakanong'ona "kichwa maji", neno ambalo mitaani mwetu ni tusi la kumtukania mtu asiyesikia la mwambiwa. Aliyelitamka hakujua kwamba, kwa mara hiyo moja, alikuwa ameutaja ugonjwa kwa jina lake halisi.

Mama alikumbuka jambo. Mtoto alipokuwa na majuma mawili alishikwa na homa kali, akakataa ziwa, akawa anakakamaa mikono. Alichomwa sindano kwa siku kadhaa, homa ikaisha, nyumba nzima ikashukuru. Kumbe homa iliondoka na mlango imeuacha umefungwa.

Ndani ya ubongo wa kila binadamu mna vyumba vinne vidogo, na humo hutengenezwa maji meupe kama ya chemchemi, ambayo kwa mtu mzima hufikia karibu nusu lita kwa siku. Maji hayo hupita kutoka chumba hadi chumba kwa njia nyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunywewa na damu. Maambukizo yakiacha usaha na makovu yakaiziba njia, maji hayaachi kutengenezwa. Vyumba hutanuka, ubongo husukumwa ukutani, na kwa vile mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa nacho hukua kuliko kiasi. Wapo watoto wanaozaliwa na hali hii, hasa wenye mgongo wazi. Lakini katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, mashariki mwa Uganda, ambako daktari Mmarekani Benjamin Warf alifanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa aina hii walioletwa waliupata ugonjwa baada ya maambukizo ya utotoni. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba katika maji ya vichwa vya baadhi ya watoto hao wamemkuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye hapo awali hakuna aliyemdhania.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu wakiwa na watoto wachanga wachukue futi ya kushonea, ile ya fundi wa nguo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa salama kwa miezi tisa huwa na mzingo wa sentimita 35 hivi, na katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka karibu sentimita 2 kila mwezi. Kikizidi mwendo huo, au utosi ukituna hata mtoto akiwa amekaa kimya, au mishipa ya kichwani ikijitokeza, au macho yakawa yanatazama chini kama jua linalozama, kusiwe na kungoja mwezi mwingine.

Muuguzi wa kliniki alipozungusha futi kichwani mwa mtoto huyu mwenye miezi minne, alipata sentimita 47. Hakusema neno. Alipima mara ya pili, kisha akaandika barua ya kumpeleka Mbale.

Baba wa mtoto ni karani wa wakala wa forodha pale mpakani. Kwake kuvuka kwenda Uganda ni sawa na kuvuka kwenda jikoni, hasa tangu mwaka 2018 kilipofunguliwa rasmi kituo cha pamoja ambamo maofisa wa nchi zote mbili huwahudumia wasafiri chini ya paa moja. Waliondoka alfajiri kwa boda boda, neno ambalo watu wa mpakani hujivunia, na si bure, kwamba lilizaliwa kwao, enzi za baiskeli zilizovusha abiria na magunia kutoka mpaka hadi mpaka. Upande wa pili wakapanda teksi ya Tororo, na walipouona mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya mji kama ngome isiyo na mlinzi, wakashuka kumwamkia mjomba wa mama, mwalimu mstaafu wa hesabu, kabla ya kuendelea na safari ya Mbale. Mjomba alimwekea mtoto mkono kichwani, akauacha hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Huko Mbale mtoto alipigwa picha kwa mtambo wa CT, yaani eksirei inayomzunguka mgonjwa ikampiga picha vipande vipande, na kompyuta ikaviunga. Eksirei ina madhara kwa ubongo unaokua ikitumiwa kwa wingi, kwa hiyo kwa watoto hutumiwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na kwa sababu hiyo picha hukosa ule ung'avu wa picha za watu wazima. Isitoshe, mtoto alitikisa kichwa. Baba alipoonyeshwa kioo cha kompyuta aliona kivuli cha kijivu chenye chenga chenga, mfano wa runinga yenye antena mbovu, na katikati yake weusi mkubwa.

Daktari alitazama picha ile ile akasema inatosha. Alichokuwa akikitafuta ni mambo matatu: vyumba vimepanuka kiasi gani, ubongo uliobaki una unene gani, na kama makovu yamejenga kuta ndani ya maji yakayagawa katika vifuko. Akawapangia siku ya upasuaji, siku nne mbele.

Baba hakuridhika. Jioni ile walirudi kulala kwa mjomba Tororo, na chakula hakikumshuka.

"Mjomba," alisema, "mimi kazini nikipokea hati ya mzigo iliyofifia hivi, siipigi muhuri. Nairudisha. Itakuwaje picha kama ukungu ndiyo imfungulie mwanangu kichwa?"

Akatoa simu. Alikuwa amesoma kwamba siku hizi ziko kompyuta zilizofundishwa kusafisha picha za ubongo, zikachukua picha mbovu zikatoa picha safi kama kioo. Alisoma pia juu ya mtambo wa sumaku uitwao MRI, ambao hautumii eksirei kabisa. Shauri lake lilikuwa kuahirisha upasuaji, kuuza kiwanja walichonunua nje kidogo ya mji, na kumpeleka mtoto Nairobi au Kampala akapigwe picha ya maana. Alikadiria majuma matano, pengine sita.

Mama hakujibu. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekizunguka kile kichwa kana kwamba unakipima. Majuma sita yalikuwa kofia mbili.

Mjomba si daktari, ila bintiye ni mpiga picha za eksirei katika hospitali moja ya Kampala, na mzee ni mtu wa kuuliza mpaka aelewe. Usiku ule alimpigia bintiye simu, kisha akayaeleza yote kwa mkwe wake kwa utaratibu wa mwalimu aliyeshika chaki miaka thelathini. Mambo hayo yafaa kuelezwa hapa pia, kwa sababu wazazi wengi watakutana nayo, na uzuri wake ni wa kweli sawa na hatari yake.

Mtambo wa MRI ni sumaku kubwa. Picha ya kwanza ya namna hiyo ilichapishwa na Mmarekani Paul Lauterbur mwaka 1973, na yeye pamoja na Mwingereza Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003. Sumaku huzipanga chembe zilizo ndani ya maji ya mwili, mawimbi ya redio huzigutusha, nazo zikirejea mahali pake hutoa mwangwi hafifu ambao kompyuta huukusanya mstari kwa mstari mpaka picha ikamilike. Kila mstari unataka muda wake. Ndiyo maana mgonjwa hulala kimya ndani ya bomba lenye makelele kwa nusu saa na zaidi, na mtoto mdogo, asiyejua maana ya kutulia, mara nyingi hulazwa kwa dawa. Mitambo ya hospitali kubwa ina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Hiyo ya 1.5 inashinda nguvu ya sumaku ya dunia yetu kwa mara zipatazo 30,000. Bei yake, umeme wake na gesi ya heliamu inayoipoza ni mambo yanayoiweka mbali na miji kama Busia na Tororo.

Wataalamu wakajiuliza: je, kama mistari ikipunguzwa? Muda ungepungua, lakini picha ingejaa vivuli na mikunjo. Hapo ndipo kompyuta ilipopelekwa shule. Huonyeshwa maelfu ya picha kamili, na kando ya kila moja picha ile ile iliyopunguzwa mistari, nayo hujisahihisha mara nyingi mno mpaka imezoea namna ubongo unavyokuwa. Kisha hupewa picha pungufu peke yake, ikajaza pengo. Ujuzi huo huitwa ujifunzaji wa kina. Mwaka 2018 chuo cha udaktari cha New York University na kampuni ya Facebook walianzisha mradi wa jambo hili, wakaweka hadharani picha ili kila mtaalamu ajaribu, zikiwamo za ubongo zipatazo 7,000. Kwa magoti, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba picha zilizopigwa haraka na kujazwa na kompyuta ziliwatosha madaktari sawa na zile za kawaida. Si jambo la kubeza hata kidogo. Mwaka huo huo yakafanyika mashindano ya picha za ubongo zilizopunguzwa vipimo mara 4 na mara 8. Picha nyingi zilipendeza, lakini madaktari waliozikagua waliona kwamba baadhi ya kompyuta ziliota: zilichora vitu ambavyo havikuwamo, au zililainisha mahali ambapo palikuwa na kitu.

Njia ya pili ilikuwa kupunguza sumaku yenyewe. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu mtambo wa Swoop, unaosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani, wenye tesla 0.064 tu na unaochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Na kwa wale wanaodhani mambo haya ni ya ng'ambo peke yake, mwezi Septemba mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, magharibi mwa Uganda, wataalamu wa hapo akiwamo Johnes Obungoloch pamoja na wenzao kutoka Uholanzi na Marekani waliunganisha wenyewe mtambo wa takriban tesla 0.05. Haukuhitaji heliamu, kwa kuwa umejengwa kwa sumaku ndogo ndogo zilizopangwa katika duara. Tangu kufungua masanduku hadi kupata picha ya kwanza zilipita siku 11. Picha za mitambo hiyo dhaifu huwa hafifu, na kila mwenye macho hushawishika kuikabidhi kompyuta izing'arishe.

"Sasa si ndiyo hayo ninayoyasema?" baba alidakia. "Zing'arishwe!"

"Subiri, baba. Sijafika nilikokuwa nakwenda," mjomba alisema.

Alikokuwa akienda ni Mbale, umbali wa mwendo usiozidi saa moja na nusu kutoka kiti alichokalia. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi uliotumia picha za CT za watoto wenye maji kichwani baada ya maambukizo, watoto waliokuwa katika utafiti wa matibabu huko huko Mbale. Watafiti walizichukua picha nzuri, wakaziharibu kwa makusudi: wakapunguza uwazi wake, wakazitia chenga, wakafifisha tofauti kati ya ubongo na maji. Halafu wakaipa kompyuta iliyofundishwa izitengeneze upya. Picha zilizoharibiwa na zilizotengenezwa wakawapa mabingwa watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto, waliozoea kazi katika nchi zisizo na mali nyingi, wakawauliza: kwa picha hii, ungeweza kupanga matibabu? Picha zilizotengenezwa zilionekana kufaa zaidi. Lakini zilipowekwa kando ya picha za asili ikagundulika kwamba kompyuta imeyakosea maumbo, na kwamba makosa hayo yangeweza kumpotosha daktari. Watafiti wakakata shauri kwamba, kwa ugonjwa huu, picha hafifu kuliko inavyozoeleka yaweza kumfaa daktari, na yaweza hata kuwa bora kuliko iliyorembwa. Picha hafifu humwonyesha daktari mahali asipoona. Iliyorembwa humficha mahali hapo.

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa ukaidi wa mtu anayemwogopea mtoto wake, "Lakini kompyuta imeona maelfu ya bongo. Mimi nimeona moja."

Mama ndiye aliyemjibu. Tangu jioni hakuwa amesema lolote ila kuomba maji.

"Baba watoto, unakikumbuka kile kitambaa cha meza cha yule mama wa upande wa Sofia?"

Alikikumbuka. Mama huyu hupata fedha zake kwa kufuma vitambaa vya makochi na meza, na kutengeneza vya wengine vilivyotoboka. Aliletewa kitambaa cha zamani kilichotafunwa na panya pembeni, tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Kitambaa chote kilikuwa na maua ya petali sita, safu kwa safu, hivyo alihesabu, akatafuta uzi wa rangi ile ile, akajaza ua la petali sita kwa ustadi ambao hata yeye mwenyewe baada ya siku mbili hakuweza kupaona mahali alipoanzia. Mwenye kitambaa alipokichukua alikigeuza mara tatu, akaanza kulia. Pale palipotoboka hapakuwa na ua. Palikuwa na herufi mbili za jina la marehemu mama yake, aliyekifuma.

"Mimi nimefuma vitambaa mia," alisema. "Nilijaza kile ninachokijua mimi, na nilikijaza vizuri. Angekuta tundu, angejua kwamba pana kitu kimepotea. Mtoto wetu ndiye yule mwenye herufi. Kichwa chake si kama vile vingine, ndiyo sababu tumekuja."

Mjomba alicheka kwa sauti ndogo, akasema kwamba miaka thelathini ya kufundisha hesabu haikumpa mfano kama huo.

Haifai kudhani kwamba mzee yule alimkataza mkwe wake kuiamini kompyuta. Alimwambia waziwazi kwamba itafika siku, na pengine haiko mbali, ambapo mtambo mdogo wa sumaku utasimama katika hospitali za Busia na Tororo, mtoto apigwe picha kwa dakika chache bila eksirei na bila dawa ya usingizi, na kompyuta isaidie. Kinachodaiwa ni kwamba ifundishwe kwa vichwa vya watoto wetu pia, wenye makovu ya maambukizo ya huku, na kwamba daktari aonyeshwe picha zote mbili, iliyotoka mtamboni na iliyotengenezwa. Kompyuta iliyozoea bongo nzima za watu wazima wa New York ikikutana na ukuta mwembamba wa kovu ndani ya maji, yaweza kuulainisha ikidhani ni chenga. Na ukuta ule ndio daktari wa Mbale anaoutafuta.

Usiku ulikuwa umekwenda mno. Baba alitoka nje, akasimama uani akiutazama ule mwamba gizani, na alipoingia alimwambia mkewe kwamba kiwanja kibaki.

Upasuaji ulifanyika siku iliyopangwa. Daktari alimtibu mtoto kwa njia ambayo Warf aliisitawisha Mbale: kamera nyembamba huingizwa katika vyumba vya ubongo, tundu dogo hutobolewa katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya, na sehemu ya tishu zinazoyatengeneza huchomwa. Njia ya zamani, ya kimrija kinachoyatoa maji kichwani na kuyashusha tumboni, ingali inatumika na ina faida zake. Lakini kimrija huweza kuziba, na mtoto ambaye kimeziba akiwa mbali na mpasuaji yuko hatarini. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya watoto 100 wa Mbale waliogawanywa kwa kura kati ya njia hizo mbili, na baada ya mwaka mmoja akili zao hazikuonyesha tofauti kubwa. Tundu nalo huweza kujifunga. Kwa hiyo mama aliambiwa apime kichwa kila juma, siku ile ile, kwa futi ile ile, na arudi mbio akiona dalili.

Alichukua daftari la hesabu la mtoto wake mkubwa, lile la miraba, akapiga mistari. Juma la kwanza aliandika 47.5. Juma la pili 47.5. Juma la tatu mtoto alitapika mara mbili, na usiku kucha hawakulala. Asubuhi futi ikasema 47.5, na utosi ulikuwa umelala laini chini ya kidole. Juma la nne mtoto alimfuata kuku kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye kinu, jambo ambalo baba aliitwa kazini kuja kuliangalia, na kwa kuwa ofisi yake haiko mbali alikuja, akiwa na kalamu bado sikioni.

Kofia ya tatu sasa iko kikapuni. Ni ya rangi ya buluu, imefumwa kwa kipimo cha sentimita 48, na safu mbili za mwisho mama hajazifunga.